Watani wa Rubani

Troyeville, Johannesburg
14 Februari 2016

Mdogo wangu Léocadie,

Barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama unaunguza mboga. Wasalimie Damien, mtoto wa baba mkubwa, na mke wake, wajukuu wote, na yule mbuzi wako ambaye mwaka jana uliniandikia kurasa mbili nzima juu ya tabia zake. Mimi nipo. Huku mvua inanyesha kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na paa la chumba changu limechagua kuvuja juu ya kitanda tu.

Anayekuletea barua ni mama Carmel, yule anayenunua nywele za bandia hapa na kwenda kuziuza Lubumbashi. Toka Lubumbashi ataipokea shemeji yake wa Kalemie, na toka Kalemie mpaka Kasolo Mungu ndiye atakayeibeba. Ningepiga simu, lakini umesema mtandao unapatikana juu ya kilima tu na magoti yako yamestaafu. Tena sisi wawili kwenye simu tunapiga kelele za "unanisikia?" mpaka salio linakwisha.

Kazi ninayo bado, ile karakana ya Doornfontein. Tunashona viti vya teksi, zile gari za abiria. Dereva analeta gari, sponji ziko nje kama matumbo ya samaki, sisi tunang'oa viti, tunavisha ngozi mpya. Tajiri wangu Ameir, mtu wa Unguja, hawezi kumwona mteja bila kumwambia, "Huyu mzee alikuwa rubani!" Juzi dereva mmoja akaangalia gundi kwenye vidole vyangu, akasema, "Eish, baba, sasa ndiyo umetua hapa?" Tulicheka wote. Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, wakanipa maji.

Sasa jambo lenyewe. Kikohozi kile ni mapafu, Leo. Daktari hakunizungusha. Aliuliza kama nina watu, nikamjibu ninao, akasema basi niende kwao nikiwa bado naweza kupanda basi. Nataka kuja nyumbani. Nataka kuja kwa miguu yangu, si ndani ya sanduku. Nikae barazani kwako siku zitakazobaki, unitukanie uvivu wangu, halafu mnizike karibu na mama.

Zungumza na Damien, yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Naye azungumze na watani. Nakukumbusha kama vile umesahau: mtu wa ukoo wetu wa Mvua hachimbiwi kaburi na mtu wa Mvua. Tangu babu zetu anatuzika mtani, mtu wa Uyoga, na sisi tunawazika wao. Wakikataa kushika jembe, hakuna mkono mwingine. Kwa hiyo waulize kwanza. Usinifiche jibu.

Kaka yako,
Octave


Kasolo
22 Mei 2016

Yaya Octave,

Nimeipokea barua yako siku ya Pentekoste, nikaisoma nimekaa, kama ulivyoagiza, kaka yangu. Sisi tu wazima. Damien anaumwa kiuno lakini bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo hajafika kubaya. Mjukuu wako Hénock amebatizwa. Mbuzi alikula karatasi za nyimbo za kwaya, zile za sauti ya pili, na jumapili tuliimba sauti ya kwanza tupu kama watoto wa shule.

Ziwa limetoa ndagala wengi mwaka huu, tunaanika mpaka juu ya mapaa. Mihogo imeshikwa na ugonjwa, majani yanajikunja. Shule imepata mabati upande mmoja; upande wa pili wanasema tungojee uchaguzi. Padri mpya ni kijana wa Manono, anahubiri kwa kifupi, watu wanampenda sana kwa hilo.

Unakunywa tangawizi? Chemsha na majani ya mpera, uweke asali. Usilale chini ya paa linalovuja, Yaya. Sogeza kitanda. Mwanaume aliyeendesha ndege anashindwa kusogeza kitanda?

Juu ya lile jambo, Damien amelisikia. Tutaongea mvua zikikatika.

Mdogo wako,
Léocadie


Troyeville
7 Agosti 2016

Mdogo wangu,

Mvua huko zimekatika tangu mwezi wa tano. Nilizaliwa huko, usinidanganye na hali ya hewa.

Salamu kwa wote. Huku ni baridi ya kukata masikio. Nimesogeza kitanda, mvua zikirudi maji yataangukia viatu. Jirani yangu Spès, mama wa Kirundi anayesuka nywele hapa chini, ananipikia uji kila asubuhi na kunikaripia kwa Kirundi. Sielewi neno hata moja, ila sauti ni yako kabisa.

Nimeacha kupiga nyundo, sasa nakata ngozi tu nikiwa nimekaa. Nikikata, mawazo yanarudi kwenye zile ndege za raia. Unajua baada ya jeshi niliendesha mizigo ya matajiri miaka saba. Nilibeba vitunguu, ndagala, bia, madaftari, mara moja ng'ombe wa mahari aliyekunya toka Kalemie mpaka Manono, na bwana harusi amekaa pembeni anamwomba radhi. Ilikuwa kazi nzuri. Mtu anapokea mzigo wake, anakushika mkono, anakwenda. Huku Afrika Kusini karatasi zangu za urubani walizikataa, nami sikugombana nao sana. Labda mikono ilikuwa imechoka.

Miaka ile saba nilikuwa natua Kalemie kila wiki. Kasolo iko pale, siku moja tu ya gari. Sikuja hata mara moja. Hata mama alipokufa sikuja. Hukuniuliza kwa nini, nami nilikushukuru moyoni.

Ila sasa sina muda wa adabu hiyo. Niambie: Victorine amesema nini? Yeye ndiye mkubwa wa Uyoga. Utotoni alikuwa akiniita miguu ya korongo, na mimi nilimwambia bila mvua yetu asingeota. Hakuna mtu duniani aliyenitukana vizuri kama yule. Amesema nini, Leo?

Octave


Kasolo
30 Novemba 2016

Yaya,

Sote tu wazima. Leo sina habari za mbuzi.

Damien aliita kikao mwezi wa sita. Nilikuandikia baadaye mara mbili, nikachana. Sasa nakuandikia na sitachana.

Unajua watani wanavyoingia katika uwanja wetu. Kabla hawajafika mlangoni wamekwisha kutukana paa, kuku, na sura ya mwenye nyumba. Siku ile ya kikao watu wa Uyoga walikuja wanane, wamevaa nguo za kanisani. Victorine akatangulia. Akapiga magoti mbele ya Damien, akampa mkono kwa mikono miwili. "Jambo baba. Mulilala muzuri?" Yaya, Damien alirudisha kiti nyuma. Mimi nilitaka kukimbia. Miaka yote hatujapata kusalimiwa hivyo na mtani. Heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

Damien akaeleza ugonjwa wako na ombi lako. Victorine akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Mutani unamuzika na matusi. Unamutukana mupaka watu banacheka, ndiyo roho yake inaenda vizuri. Sasa miye nitamutukana Octave nini? Neno gani ya kuchekesha? Kinywa kinakataa. Na kama kinywa kinakataa, jembe nalo linakataa."

Wakaondoka kwa adabu ile ile.

Hatukuwalaumu. Nitawalaumu kwa lipi? Siku ile nilikuwapo sokoni, wewe hukuwapo, ulikuwa juu. Hatujapata kuandikiana juu yake, basi leo niandike.

Waasi walikuwa wameshika Kasolo, mitumbwi yao ya injini iko gatini, na soko liko pale pale karibu na gati. Watu walikuwa wamechimba mashimo ya kujificha, kwa sababu ndege za serikali zilikuwa zimekwisha kupiga vijiji vingine. Tuliposikia mlio, tukakimbilia mashimoni. Halafu ndege ikapita juu yetu, ikainamisha bawa la kushoto, ikainamisha la kulia. Kama ulivyofanya miaka yote kabla ya vita ukipita juu ya nyumba kumsalimu mama. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ni Octave wetu!" Watu wakatoka mashimoni, Yaya. Wakatoka wakicheka. Mimi nilivua kitenge changu cha juu nikakipunga. Agnès, binti wa Victorine, alipanda juu ya meza ya wauza chumvi ili umwone vizuri.

Ndege ikageuka ikarudi.

Mimi niliangukiwa na ukuta wa ghala, ndio ulioniokoa. Katika watu wa Uyoga walizikwa wengi siku ile, Agnès kati yao, na sisi wa Mvua ndio tuliowachimbia, maana ndiyo kazi yetu. Hakuna aliyetukana. Tulichimba kimya.

Miaka yote sijakuuliza. Sasa nakuuliza kwa sababu Victorine naye anauliza kila siku kwa kunyamaza kwake. Kwa nini uliinamisha mabawa?

Léocadie


Troyeville
3 Machi 2017

Léocadie,

Salamu kwa wote. Nimelazwa hospitali mwezi wa kwanza, nimetoka. Ameir amenipa likizo, maana yake amenifukuza kwa upole. Spès hajambo. Huku Troyeville wanakata miti ya barabarani, kelele mchana kutwa.

Umeniuliza kama hakimu. Sikukuandikia nipate hakimu, nilikuandikia nipate dada.

Mambo ya kaburi yaache. Chama cha watu wa Ziwa Tanganyika hapa Johannesburg kinazika watu wake vizuri, kuna kwaya na chai. Nimewaambia wanizike huku huku. Kwa hiyo msihangaike.

Octave


Kasolo
18 Juni 2017

Yaya wangu,

Mimi ni dada yako. Sijawahi kuwa kitu kingine. Siku ile walipoanza kukutaja kwa jina barabarani, nilikuwa nikipita katikati yao na jina lako ndilo jina la baba yangu na langu, sikulibadilisha. Kwa hiyo usiniambie habari ya hakimu. Kasirika, lakini usinikatie barua. Toka barua yako ile fupi silali vizuri.

Damien amekuwa mpole, inanitia hofu. Hénock ameota meno.

Nimefanya jambo bila kumwuliza mtu. Kila siku ya soko, badala ya kwenda sokoni, nakwenda shamba la Victorine kupalilia mihogo. Mara ya kwanza alinitazama tu. Mara ya pili akasogeza kikapu ili nipite. Hatusemi. Yeye anaanzia juu mimi naanzia chini, tunakutana katikati, tunapeana mgongo. Magoti yangu yananiua, nayafunga kwa vitambaa.

Mama alipokufa, Victorine ndiye aliyemchimbia. Hukuwapo, basi nikusimulie. Alishuka mwenyewe ndani ya kaburi, akalala chali, akasema limekuwa fupi kwa sababu watu wa Mvua wanajidai wafupi kumbe wamejikunja kwa uroho. Watu walicheka na machozi yanatoka. Kwa hiyo yeye hakatai sisi wote. Anakukataa wewe peke yako, na hakukatai kwa chuki, ningemwona. Ni kwamba hana pa kukushikia.

Mpe pa kukushikia. Jibu lile swali. Usinijibu mimi, mjibu yeye, nami nitamsomea. Ukitaka kuzikwa na kwaya na chai ya wageni, sawa, lakini sitaki. Mimi sitaki, Octave. Nimebaki na ndugu mmoja tu wa tumbo moja.

Léocadie


Troyeville
10 Septemba 2017

Mdogo wangu mpendwa,

Mama Carmel anaondoka kesho, basi naandika bila kupumzika, ukiona mwandiko umeanguka ujue ni mimi nimeanguka kidogo. Salamu kwa wote. Nimerudi karakana siku mbili kwa wiki. Ameir hawezi kumpata mtu wa kushona mishono ya pembeni kama yangu. Wiki hii nimemaliza viti vya teksi nzima, vyekundu, na dereva alikaa kwenye kila kimoja akijaribu, mpaka cha nyuma kabisa. Akasema matako yake hayajapata heshima kama ile. Nakuambia hayo kwanza kwa sababu yanayofuata ni mazito.

Msomee Victorine.

Ndege ile ilikuwa ya mizigo. Haikutengenezwa kwa kupiga. Mabomu yalipangwa nyuma kama magunia, na askari waliyasukuma kwa mikono mlango ukiwa wazi, nilipowawashia taa ya ishara. Nilipewa ramani asubuhi ile, kazi ilikuwa mitumbwi ya gatini. Nilijua ni Kasolo. Nilijua gati lilipo na soko lilipo. Sikusema kitu.

Mara ya kwanza nilipita kuangalia tu. Na mikono ikainamisha mabawa. Nimejiuliza miaka yote kama niliwaonya, au niliwasalimu, au nilitaka mama ajue ni mimi. Ningependa kumwambia Victorine niliwaonya. Si kweli. Miaka kumi na moja sikupata kupita juu ya paa lile bila kufanya hivyo, na mikono ilifanya kabla yangu. Ndiyo yote. Hakuna sababu kubwa.

Nikageuka. Nyuma ya kiti changu alisimama kapteni. Niliona rangi za vitenge, nyingi, kule ambako mara ya kwanza hakukuwa na mtu. Nilijiambia mabomu yatakwenda kwenye mitumbwi. Kitu kinachosukumwa na mtu kwa bega hakiendi unakotaka, nami nilijua. Nikawasha taa.

Baada ya hapo niliendesha ndege miaka mingi na sikuinamisha bawa juu ya nyumba ya mtu yeyote.

Simwombi Victorine kaburi. Simwombi radhi, radhi ni kitu cha mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu. Ameuliza, nimejibu. Na wewe acha kupalilia, utakwisha magoti.

Kaka yako anayekupenda,
Octave


Kasolo
nimeianza 9 Desemba 2017, namaliza 4 Februari 2018

Yaya Octave,

Heri ya mwaka mpya, sisi tupo. Mbuzi amezaa mapacha. Mistari hii ya juu naiongeza leo: barua imekaa chini ya godoro langu miezi miwili, utaona mwenyewe kwa nini.

Nilimsomea Victorine shambani, tumekaa kwenye tuta, kiswahili chako nikakisoma polepole. Nilisoma yote, hata habari za teksi, kwa sababu niliogopa kufika kule kwingine. Alikuwa amevunja kijiti anakichimbia ardhi. Nilipomaliza akaniomba nirudie mahali pa vitenge. Nikarudia. Akainuka, akapalilia mpaka jua likachoka, sikuweza kuondoka, nikapalilia naye.

Wiki tatu tulipalilia. Halafu siku moja, tuko katikati ya shamba, akasimama na jembe lake.

"Ati sasa anashona viti?"

Nikasema ndiyo.

"Octave? Ule mwenye miguu ya korongo? Alikuwa na kiti chake mbinguni, sasa anatengenezea wengine fasi ya kuweka matako?"

Yaya, akacheka. Alicheka akiinama, anashika mpini wa jembe. Nami nikacheka. Kisha akakaa chini na kulia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake, hata mwaka ule. Nilimshika. Alikuwa na harufu ya majani ya mihogo. Alipotulia akajifuta, akasema:

"Balete maiti, tutachimba. Nitashuka mwenyewe. Nimuweke na matusi yote nimelimbika. Lakini muzima asikuje."

Nilidhani sikusikia. Nikamwuliza, mama Victorine, anataka kuja akiwa hai, anataka kukaa barazani kwangu, hana siku nyingi.

"Maiti hana macho," akasema. "Muzima ataniangalia. Na miye nitauliza yale macho iliona Agnès namna gani juu ya meza. Na akinijibu sitaweza tena kushika jembe. Hapana, Léocadie. Nimetoa yenye niko nayo."

Ndiyo hayo. Niliyaandika Desemba mpaka hapo nikaifunga barua chini ya godoro. Damien anasema ni neema kubwa, tushukuru, nguo tumeipata tusidai na vifungo. Mimi sishukuru. Nasema wazi, sishukuru. Nilikwisha kupaka chokaa chumba cha upande wa ziwa. Nilikwisha kununua shuka.

Njoo, Yaya. Njoo tu. Nitasema ni mgonjwa wa parokia, nitakufungia ndani, sitaruhusu mtu aingie. Ukifa nitawaambia ulifika siku ile ile. Mungu atanisamehe, ana mambo makubwa kuliko hayo. Nataka kukuona uso wako. Sikukuona ukizeeka. Nitakujuaje?

Léocadie


Troyeville
25 Machi 2018

Leo wangu,

Anayeandika ni Spès, mimi nasema. Anaandika kama anavyosikia, na mahali pengine anakataa kuandika mpaka nimeze dawa. Anakusalimu. Anasema yeye hajasuka kichwa kilichokaa kimya kama changu, kwa sababu sina nywele.

Barua yako nilisomewa mara tatu. Ile ya viti nilicheka mpaka wakaita nesi. Mpe Victorine jibu langu, na umpe kwa sauti kubwa watu wasikie: mwambie uyoga ni chakula kinachoota kwenye kinyesi na kujiona bwana harusi kwa sababu kimevaa kofia. Mwambie achimbe refu. Babu yake alimchimbia babu yetu kaburi la mtoto, ikabidi wamkunje. Mimi na miguu hii sikunjiki. Na akishuka kulijaribu asilale usingizi humo, maana uvivu wa ukoo wao naujua.

Ukimwambia hayo, tazama uso wake, kisha uniandikie. Hata kama sitaisoma, andika.

Chumba sitakuja, Leo. Usinifiche. Kasolo haijapata kumficha mtu hata mwenye chawa. Victorine atajua, na ile kauli aliyoitoa atairudisha, na atakuwa na haki. Alisema ametoa alicho nacho. Mimi ndiye ninayejua alitoa nini, kuliko Damien na kuliko wewe. Nitakuja kama alivyosema. Chama kimekubali kusafirisha, nimewaonyesha barua yako, mwenyekiti akalia, tena yule ni mtu mgumu wa Uvira.

Shuka usiirudishe dukani. Lalia wewe.

Unauliza utanijuaje. Nimekonda, ndevu ni mvi tupu, Spès anasema nafanana na ndege aliyenyeshewa. Pua ni ile ya mama. Lakini wewe usifungue sanduku. Nakuomba hilo moja, mimi kama mkubwa wako. Uwe na sura ya mara ya mwisho.

Nimekuwa nikiitafuta hapa kitandani, ile mara ya mwisho. Ilikuwa uwanja wa ndege wa Kalemie, mwaka kabla ya vita. Ulikuja umebanwa juu ya lori toka alfajiri, umeniletea bukari ya muhogo na mboga ya sombe kwenye bakuli lililofunikwa na sahani, bado ya moto, sijui ulifanyaje. Nilikula matonge mawili nimesimama. Ukaniambia, "Kaa chini, Yaya, ule vizuri, nimetoka mbali." Nikakuambia nitakula siku nyingine.

Nilikuwa na haraka, Leo. Nilikuwa napeleka sukari ya kanali.

Octave